Sakafu ya Chumba cha Mama

Itumba, Ileje
20 Juni

Kaka yangu Yesaya,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi yetu. Mahindi tumeshavuna, Violet wangu ameng'oka jino, na nyumba mpya ya mama imekamilika.

Uliniandikia kutoka Norwe tuweke vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto, kama vya kwako huko. Nisamehe, nimechagua maji hayo yapite kwenye mabomba chini ya sakafu. Fundi Sebastian alinionya, "Dada, bomba likivuja tutabomoa sakafu nzima." Nikamwambia alaze tu.

Sababu nilikuficha, kaka. Tangu Pasaka mama amepooza upande wa kushoto. Alipokuwa akikwambia "mimi mzima," mimi ndiye niliyemshikia simu. Kiti cha magurudumu amekikataa. Anashinda chini kwenye mkeka, na sakafu ya nyumba ya zamani ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Jana tuliwasha moto wa kuchemshia maji ya mabomba hayo kwa mara ya kwanza. Nilimkalisha mama sakafuni, nikaenda jikoni. Mara nikasikia anaita, "Erica! Nani kamwaga maji ya moto hapa?"

Hakuna aliyemwaga. Alikuwa ameshika mguu wa kushoto, ule ambao hata ukiufinya hausikii. "Unasikia joto," akasema, akawa anacheka huku analia.

Muuguzi amesema tuanze mazoezi Jumatatu. Njoo Desemba, kaka. Mama anasema atakupokea mlangoni amesimama, nami namwamini.

Mdogo wako akupendaye,
Erica