Turubai la Odhiambo

Alhamisi, Lambwe. Jua limeamka na hasira, nami vilevile.

Kesho tunamzika ndugu yangu Odhiambo, na leo nimeshinda juu ya ngazi nikitengeneza turubai.

Si la matanga. Ni lile la gari letu la kambi, linalokaa limekunjwa ubavuni na kujitandaza lenyewe ukibonyeza swichi. Katika gari hilo tulikuwa tukiwalaza wageni wanaokuja kuona wanyama katika mbuga ya Ruma, na ndilo lililotulisha sote wawili. Odhiambo alilala humo hata tulipokuwa nyumbani, kwa sababu hakuwahi kujenga. Kila akiulizwa alisema atajenga mvua ikiisha. Mvua huisha kila mwaka.

Kwetu mwanamume haagwi uani kama mgeni. Jeneza lake lazima lipumzike mlangoni pa nyumba yake kabla ya kwenda kaburini. Wazee walitaka kumsimamishia kibanda cha mabati haraka haraka. Nikakataa. Nikawaambia Odhiambo alikuwa na nyumba, ila ina magurudumu.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa, alilizunguka gari mara moja, akasimama mlangoni.

"Sawa, Akinyi. Lakini hiyo mlango haina kivuli. Fungua hiyo turubai yake. Na ujue, nyathina, mtoto wangu, nyumba ya mtu amekufa haiendangi safari. Itakaa hapo mpaka ianguke yenyewe."

Nilimwelewa vizuri. Gari likishakuwa nyumba ya marehemu, halitoki tena bomani. Na mimi sina kazi nyingine.

Nikapanda ngazi hata hivyo.

Betri ilikuwa nzima, fyuzi nzima. Mota ilinguruma bila kuzunguka. Nikafungua kifuniko cha pembeni, nikakuta udongo umekauka kama tofali katikati ya meno ya gia. Nyigu. Baba mdogo alichungulia akaguna, "Hata nyigu amejenga." Nikacheka, halafu nikalia na bisibisi mkononi, wala sikujali nani ananiona.

Nilikwangua, nikapiga brashi, nikatia grisi. Kuna wakati nilitamani nikute gia imevunjika kabisa. Nasema kweli. Ingekuwa imevunjika, wangejenga kibanda chao, na wiki ijayo ningekuwa barabarani na wageni wangu.

Haikuvunjika.

Nilipobonyeza swichi, turubai lilitoka polepole likatandaza kivuli mlangoni, cha kutosha jeneza na watu wachache. Mama alikuja na kiti chake, akaketi kivulini.

Turubai ukilitengeneza unalijaribu mara mbili, kufungua na kufunga. Odhiambo ndiye aliyenifundisha. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya swichi. Nikamtazama mama pale kivulini, nikakiondoa.

Nikachomoa ufunguo wa gari, nikampa baba mdogo.

Kesho ndugu yangu atapumzika mlangoni pake. Keshokutwa, Akinyi, utaamkia kazi gani?