Niliamuru Madirisha ya Bweni Yachomelewe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie upesi, maana hapa nilipo hata chai nimeacha kunywa, na usidhani ni uzee, nina miaka arobaini na mmoja tu. Mimi ni mkaguzi wa majengo katika ofisi ya mji, kazi yangu ni kuzunguka na kofia ngumu na futi ya chuma nikiangalia kama ngazi zina vishikio, kama nyaya za umeme zimefichwa, kama ukuta umesimama wima, na nikiridhika naweka saini na watu wanahamia. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne, na mafundi wamenipa jina la Mama Bomoa, jina ambalo zamani lilikuwa likinichekesha.

Sasa sisi wakaguzi kila baada ya miaka miwili lazima tuhuishe vyeti vyetu, na ili cheti kihuishwe lazima uwe umehudhuria saa arobaini za mafunzo, si thelathini na tisa, arobaini kamili, na saa hizo zinahesabiwa kwa saini kwenye daftari la mahudhurio, saini moja asubuhi na moja mchana. Mwaka jana tulipelekwa mafunzo ya siku tano ya kanuni mpya. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, mwezeshaji akaanza kutusomea maandishi ya ukutani neno kwa neno kama anayesoma wosia, na mimi nilikuwa na gauni la harusi ya mdogo wangu kwa fundi cherehani, halijajaribiwa na harusi ni Jumamosi, nikajiambia haya mambo ya madirisha nayajua kabla huyu mwezeshaji hajaota ndevu, nikamnong'oneza mwenzangu, yule tunayetumia naye meza moja ofisini, "Shoga, nisainie ya mchana," naye akanisainia. Gauni lilinikaa vizuri, sitaki kusema uongo.

Miezi mitatu baadaye nikaitwa kukagua bweni jipya la wasichana wa sekondari, jengo la chini, korido moja ndefu, vyumba kumi na sita, vitanda sitini na vinne. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mzee mstaarabu ambaye kila nikimwambia kitu anaandika kwenye kidaftari. Kila chumba kina dirisha moja, na kila dirisha lilikuwa na grili yenye bawaba, unaisukuma kutoka ndani inafunguka. Nikamaka. Kanuni niliyokuwa nikiijua mimi inasema grili ya bweni isifunguke kabisa, mwizi asiingie na msichana asitoroke, basi nikaagiza zichomelewe zote. Fundi wa kuchomelea akakuna kichwa akasema, "Lakini Mama, nasikia siku hizi zinatakiwa zifunguke." Nikamuuliza mbele ya mwalimu, "Wewe umesomea wapi?" Akavaa miwani yake ya kazi, akachomelea madirisha kumi na sita mimi nikiwa nimesimama palepale, kisha nikaweka saini.

Wiki iliyopita nilikuwa najaza fomu ya kuhuisha cheti, na fomu ina mahali panauliza, kwa kila kipindi, ulijifunza nini, na kwa kipindi kile sikuwa na la kuandika, nikaazima kabrasha la mwenzangu ninakili mstari mmoja yaishe. Ukurasa wa tatu kuna mchoro wa dirisha. Chumba cha kulala chenye dirisha moja, grili yake lazima ifunguke kutoka ndani bila ufunguo, ili watu wapate pa kutokea moto ukiwaka. Nilisoma mara nne, fomu nikaiweka kando bila kuijaza.

Juzi nilijikaza nikaenda bwenini, nikasingizia naangalia mifereji ya maji. Matroni akanipokea kwa bashasha, "Karibu Mama mkaguzi! Tangu mlipotuchomelea yale madirisha tunalala usingizi wa pono. Na mimi nikishafunga mlango wa korido, ufunguo huu hapa kiunoni, haingii mtu hatoki mtu." Nikanywa maji aliyonipa, nikasema mifereji iko sawa, nikaondoka. Tangu siku hiyo nikisikia harufu ya moshi popote, hata jirani akichoma majani, natoka nje kutazama upande wa bwenini, na bosi ameshaanza kuniuliza nina nini.

Mshauri, nikisema ukweli wataniuliza ilikuwaje nikahudhuria kipindi na nisijue kilichofundishwa, saini itaonekana si yangu, saa nne za mchana ule zitafutwa, cheti kitakufa mwisho wa mwezi, na mafunzo mengine ni baada ya miezi mitano. Mwenzangu naye anangojea kupandishwa cheo, na ameniapia kabisa, "Ukinitaja, tusijuane." Mume wangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, eti bweni halijaungua mpaka leo, litaungua kwa sababu mimi nimesoma kabrasha? Nimefikiria nijaze fomu, ningoje cheti kitoke, ni siku kumi na tisa tu, halafu niende kwa mwalimu taratibu nimwambie kanuni zimebadilika. Je, nitakuwa nimekosea? Nijibu, roho inanitoka.

Ni mimi, Mkaguzi Asiyekaguliwa.

*

Mama Bomoa, pole sana. Naanza na pole kwa sababu huko mbele sina nyingine.

Mtu asiye na dhamiri haachi kunywa chai. Wewe umeacha, na hilo nimeliona. Kuacha mafunzo ukaenda kujaribu gauni ni utovu wa adabu wa kawaida, nusu ya wanaosoma safu hii wameshafanya. Kumuuliza fundi amesomea wapi wakati wewe mwenyewe ndiye uliyetoroka darasani, hilo ni kubwa zaidi, lakini nalo lina dawa yake. Siku kumi na tisa ndizo zisizo na dawa. Hizo unazipanga ukiwa na akili timamu na kabrasha mkononi.

Hebu nikuulize. Fundi akijenga ngazi bila vishikio, akakuambia hakujua, na akuombe wiki tatu mpaka leseni yake itoke ndipo arekebishe, ungempa? Usinijibu. Jina lako la kazini limeshajibu.

Mumeo anakupenda, anataka mshahara uendelee kuingia nyumbani, simlaumu. Lakini kombe linafunikwa kuficha aibu. Pale bwenini aibu ndiyo jambo dogo kuliko yote. Umefunga vitu viwili fundo moja, cheti chako na madirisha ya wale watoto, na kila ukishika kimoja kingine kinakuvuta. Fungua hilo fundo. Cheti kinaweza kungoja miezi mitano kikafufuka. Madirisha hayangojei hata leo jioni.

Basi nisikilize. Ukimaliza kusoma hapa, usiende ofisini, nenda bwenini. Mwite mwalimu na matroni pamoja. Usithubutu kusema kanuni zimebadilika, zilikuwa zimeshabadilika siku ile uliposimama pale. Sema, "Nilikuagiza kosa." Maneno mawili, hayavunji taya. Umwambie mwalimu amwite fundi yuleyule aje na mashine ya kukatia, leo hii, na ukae naye mpaka dirisha la kumi na sita. Kisha ingia chumba kimoja kimoja, umwite msichana mdogo kuliko wote wa chumba hicho, asukume grili kwa mkono wake mwenyewe. Ikimshinda, fundi arudie. Na huyo fundi umwombe radhi mbele ya mwalimu, kwa sauti ileile uliyomuulizia amesomea wapi.

Mlango wa korido nao usifungwe kwa ufunguo unaotembea kiunoni mwa mtu mmoja. Komeo la ndani linatosha. Hili hukuliuliza, lakini ni wewe mkaguzi, ulipaswa kushtuka ulipousikia ule ufunguo badala ya kunywa maji.

Baada ya hapo nenda kwa mwenzako kabla hujafika kwa bosi, asije akaisikia habari yake koridoni. Usimwombe ruhusa, mpe taarifa. Kwa bosi andika barua ya kufuta saini yako ya bweni, na ndani yake useme wazi kwamba wewe ndiye uliyemwomba akusainie. Cheo chake huenda kikachelewa, na atakununia, pengine mwaka mzima. Vumilia, ulimtuma wewe. Hizo saa nne zikifutwa, zifutwe, hazikuwa zako. Utakaa bila kukagua mpaka mafunzo yajayo, na ukienda ukae mstari wa mbele hata kama mwezeshaji anasoma wosia wa babu yake.

Na kuna jambo umelipita mbio mbio kwenye barua yako ndefu. Tangu mchana ule umekagua nyumba ngapi nyingine? Hosteli? Nyumba za wageni? Chukua orodha, uzipitie zote kabla hujakabidhi futi yako.

Sasa nami niungame. Barua yako ilinifikia jana saa tano asubuhi, nikaipitisha mbele ya barua zote zilizotangulia ili itoke kwenye gazeti la leo asubuhi. Bahasha uliyotumia ni ya ofisi, ina muhuri wa mji nyuma, na mabweni mapya ya walimu wastaafu katika mji mmoja hayawezi kuwa mawili. Miaka yote ya safu hii sijawahi kumtafuta msomaji wala jirani yake. Jana nilipiga simu bwenini. Jina lako sikulitaja, hata silijui. Nilimsihi matroni asifunge mlango wa korido usiku huo, na alale na wasichana mle ndani. Akaniuliza mimi nani na kuna nini. Nikamwambia Mama mkaguzi anakuja asubuhi kumweleza mwenyewe. Akasema sawa, atakungojea getini.