Kilti ya Baba Itasafiri

Portree, Kisiwa cha Skye
Jumapili, 26 Julai

Mpendwa dada Murdina,

Hector Gillies, meja wa bendi yetu ya zumari, alitangaza jana kwamba binti yangu Ishbel atapiga mstari wa mbele mashindanoni Brittany, Ufaransa, akiwa amevaa kilti ya marehemu baba yetu, ile sketi yake ya marinda. Nimetanguliza habari kabla ya salamu, uanahabari haujanitoka. Hujambo? Goti linaendeleaje huko Halifax? Sisi tu wazima.

Uliandika kwamba kilti ile isitoke kabatini mpaka mtu athibitishe itafika bila kunyanzi. Hector naye aliweka sharti lake: Ijumaa kila mtu afunge begi, mabegi yazungushwe kisiwani kwa gari, Jumamosi yafunguliwe, na pasi ni marufuku. Mwenye makunyanzi, nyuma.

Ishbel aliyapiga bandi marinda yote kwa uzi mweupe, akailaza kilti bitana juu, akaiviringisha toka ubavu hadi ubavu kama mkeka. Kisha akaisukumiza ndani ya mguu mmoja wa soksi zako ndefu za nailoni, zile ulizoziacha hapa. Nilidhani soksi itachanika. Haikuchanika.

Jana alipoitoa begini katika ukumbi wa bendi, mzee Farquhar wa ngoma alipiga kelele, “Lo! Ishbel, umemkata nani mguu?”

“Wako, mzee, usipoangalia.”

Kilti ya Farquhar mwenyewe ilikuwa imekunjwa mara nne kama gazeti. Alipogeuka, msalaba wa makunyanzi ulikuwa umemkaa makalioni, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ishbel akamwambia, “Pole, babu. Ngoma husikika hata nyuma.”

Akavuta uzi, akavaa, akazunguka. Marinda yakafunguka yote pamoja na kurudi yote pamoja. Hector akapitisha kiganja, akauliza, “Hii imetoka begini au kabatini?”

“Begini, Meja. Chini ya viatu.”

Hector hasifu watu. Alisema tu, “Mbele.” Nimeripoti mambo mengi, dada, lakini neno hilo nililiandika kwa herufi kubwa.

Msalimie shemeji Angus na mwanao Kirsty. Mama mkubwa Peigi anakusalimu na anataka picha. Mungu awalinde baharini na nchi kavu.

Tunaondoka Jumanne, tarehe 4 Agosti. Bendi itapiga Jumamosi tarehe 8, saa nane mchana. Nilijitolea kuuvuta ule uzi siku hiyo. Ishbel amesema atauvuta mwenyewe.

Nduguyo akukumbukaye daima,
Lachlan