Milango Kumi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto, na mama kabla yenu wote, maana nikimtaja wa mwisho nitasemwa. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri wangu kila ninapoinama kufunga viatu. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie dawa ya kupaka haiponyi mtu ikiwa ndani ya kabati. Na wewe kikohozi kimekwisha? Katika barua yako ya mwisho hukukitaja, nami nakujua, usichokitaja ndicho kinachokusumbua.

Barua hii anakuletea fundi rangi, yule mrefu aliyekuwa akiinama hata kwenye milango isiyomgusa. Anarudi kwao kabisa, na atapita hapo kwenu Alhamisi. Mpe chai, lakini usimwulize habari zangu, kwa sababu hajui kilichomo humu. Jumapili nilikupigia simu mara mbili nikakata kabla hujapokea, kwa hiyo ukiiona namba yangu usidhani nilibonyeza kwa bahati mbaya. Simu nimeishindwa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na habari za kiwanda, maana najua ndizo unazozitafuta. Uwanja wa nyuma, tulipokuwa tukicheza mpira wakati wa mapumziko, umejaa magari yasiyo na wanunuzi. Yamepangwa kwa mistari mpaka ukutani, viti bado vina plastiki, na majani yameanza kuota kati ya magurudumu. Kila Jumatatu watu wawili wanapita kuwasha injini ili betri zisife, wanangoja dakika kumi, wanazima. Hiyo nayo ni kazi siku hizi, na wapo walioigombea.

Zamu imebaki moja. Taa za upande wa kaskazini zimezimwa ili kubana matumizi, na ukitembea kule unasikia viatu vyako mwenyewe. Wenye kiwanda wa zamani wameuza nusu yao kwa wageni, na jina jipya limeshonwa kwenye ovaroli juu ya lile la zamani, ila uzi wenyewe ni hafifu na la zamani linachungulia pembeni. Mkurugenzi mpya alitukusanya akatuambia kwamba sisi si wafanyakazi wake, ni familia yake, na wiki hiyohiyo akaipunguza familia kwa watu themanini. Wanaita kupanga upya. Ukilisikia neno hilo unamfikiria mtu anayepanga vikombe kabatini.

Fundi rangi ni mmoja wa hao themanini. Karakana ya rangi imefungwa kabisa, magari yanapelekwa kupakwa kwingine na kurudishwa. Nilimkuta akisafisha bunduki yake ya rangi siku ya mwisho, ingawa aliambiwa aiache tu mezani. Nilimwuliza anamsafishia nani, akasema hajui, lakini hawezi kuiacha chafu.

Pale milangoni, tunapofunga milango kwenye magari, tumebaki wawili, mimi na Bubu. Bubu hajabadilika, bado haufungi mdomo tangu geti linapofunguliwa hadi linapofungwa, na wageni bado wanatuuliza jina hilo alilipataje. Tangu ulipopumzishwa wewe, miezi kumi na sita sasa, tumekuwa tukifanya kazi ya watatu. Ulikuwa ukiushika mlango, mimi nafunga bolti za bawaba, Bubu anaunganisha nyaya na kukagua. Sasa tunaushika kwa mabega. Magari yakiwa machache inawezekana, na sote tulijiambia kwamba ni kwa muda tu.

Ile barua uliyopewa wakati wa kuondoka umeikariri kuliko mimi. Oda zikirudi, wewe ndiye wa kwanza kuitwa kwenye nafasi ya tatu ya milango, mradi miezi kumi na minane haijapita na hujaajiriwa mahali pengine. Kwa ajili ya karatasi hiyo umemkatalia mwenye gereji ya mabasi mara mbili, naye amekuambia atangoja jibu lako mpaka Jumamosi hii saa sita mchana, kisha atamchukua mtu mwingine. Wifi ameniandikia kwa mwandiko wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu umuoe. Anasema watoto wanakula akiba, na wewe unaipiga pasi ovaroli ya kiwanda kila mwisho wa wiki. Anasema hakuelewi tena, na kwamba labda mimi nakuelewa.

Kama unamsomea mama, ishia hapa. Mwambie yaliyobaki ni habari za mashine.

Ile oda ya magari ya kubebea wagonjwa ilikuja kweli, miezi mitano iliyopita. Laini ya kuunganishia magari ikaanza kukimbia, na kila mtu akamtaja nduguye au rafiki yake ambaye sasa angeitwa. Lakini kabla ya kumwita yeyote, wenye mali wapya walimleta mtu wa saa apite kila kituo na kuangalia kazi inahitaji watu wangapi. Humjui huyu, si yule mzee wa zamani. Ni mtu mpole, shati safi, anaomba radhi kabla ya kusimama karibu nawe. Saa yake ya kubonyeza ameifunga shingoni kwa kamba ya viatu.

Sheria yetu unaijua, maana wewe ndiye uliyenifundisha mwaka wangu wa kwanza. Mtu wa saa akisimama karibu, usifanye vibaya, ila usifanye haraka. Ifuate bolti kwa kuzunguka gari. Futa mikono. Pengo la mlango lipime mara mbili. Ulisema ukimwonyesha siku moja yote unayoyaweza, atakudai hayo kila siku, wewe na wenzako. Na laini nzima iliishika sheria hiyo, kaka. Fundi vioo alikifuta kioo kimoja kana kwamba anamwogesha mtoto mchanga. Hata wale vijana wa viti, ambao hawajui kutulia, walitulia.

Akafika kwetu. Aliniuliza nimekaa milangoni muda gani, nikamwambia miaka tisa. Akatazama mlango, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini ili Bubu asisikie:

"Nikuongezee sekunde chache, dada? Mlango ni mzito, na wewe ni mwanamke. Utaratibu unaniruhusu."

Hakuwa na ubaya wowote. Nadhani alitaka kunisaidia. Nikamjibu, "Usiniongezee kitu."

Kisha nikauchukua mlango, nikaufunga vile ulivyonifundisha kweli, vile tulivyokuwa tukifanya mimi na wewe tukitaka kumaliza mapema. Mguu chini ya ukingo, bega kwenye fremu, bolti tatu mkononi na ya nne mdomoni. Dakika moja na sekunde nne. Kwa sheria yetu mlango ni zaidi ya dakika mbili. Aliitazama saa yake akadhani imeharibika, akaibonyeza upya. Akasema tangu aanze kazi hiyo hajaona mikono kama yangu.

Watu wachache wanaoijua habari hii nimewaambia kwamba nilipandwa na hasira. Ni kweli, na mtu yeyote angeelewa. Lakini mtu wa saa hapimi mlango mmoja, anapima kumi. Mlango wa kwanza niliufunga kwa hasira. Baada ya hapo hasira ilikwisha, na ningeweza kuanza kufuta mikono na kuzunguka gari, asingeshangaa, angedhani nimechoka. Sikufanya hivyo. Nilifunga yote kumi, na wa tisa ulikuwa wa haraka kuliko wote. Nilikuwa nimefurahi, kaka. Nilifurahi mpaka nyumbani, nikajipikia na kula peke yangu nikiwa bado natabasamu.

Bubu hakusema neno mpaka filimbi ya kutoka. Tulipokuwa tunavua glavu ndipo alipofungua mdomo.

"Nafasi ya tatu ilikuwa ya kaka yako," akasema, akaondoka.

Wiki iliyofuata meneja aliniita ofisini. Alinipongeza, akanipa kofia yenye jina jipya. Akanieleza kwamba kwa kufuata vipimo vyangu, kituo cha milango kitakuwa na watu wawili, sasa na siku zote, hata oda zikiongezeka. Nafasi ya tatu imefutwa. Nilimwuliza kuhusu mtu aliyeahidiwa kurudi kwenye nafasi hiyo. Akasema ahadi ilikuwa ya nafasi, na nafasi yenyewe haipo tena, basi. Nilimwuliza kama huyo mtu ameambiwa. Akasema ataandikiwa miezi kumi na minane itakapotimia, kwa kuwa kanuni haiwalazimishi kumwandikia mapema. Nilirudia swali langu, naye akarudia jibu lake, neno kwa neno.

Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita. Hesabu barua zangu tangu wakati ule. Ni tatu. Katika ya kwanza nilikuambia bado wanapanga. Katika ya pili nikakuandikia kwamba subira yavuta heri. Katika ya tatu, ulipoomba ushauri wangu juu ya gereji, nilikujibu kwamba gereji ni kazi ya mafuta na matope, na fundi wa laini akishaingia huko mikono yake inaharibika. Niliziandika zote tatu nikiwa najua nafasi yako haipo. Kukuambia uende gereji kungeniletea swali la kwa nini, na jibu la swali hilo ni mimi. Nikaona ni rahisi zaidi wewe ungoje.

Nina aibu. Sina neno lingine la kuliweka hapo. Wifi alipoandika kwamba labda mimi nakuelewa, niliiweka barua yake juu ya meza na sikuweza kuimaliza siku hiyo.

Usidhani nimepata faida. Ile dakika moja na sekunde nne imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao juu ya kituo chetu, na kila gari linalopita tunatakiwa tuifikie. Asubuhi naifikia. Ikifika saa nane mchana siifikii tena, na Bubu anazunguka kutoka upande wake kuja kunishikia mlango, akiwa bado anaongea. Hajanitajia jambo lile tena. Nimewaambia mwenyewe wenzangu wawili watatu, na fundi vioo hanisalimii. Simlaumu.

Basi, kaka, nafasi yako kiwandani haipo, na haitarudi. Usiisubiri barua yao, haina kitu ndani. Jumamosi nenda gereji, na uende asubuhi, usingoje mpaka saa sita. Niliyokuandikia kuhusu mikono kuharibika niliyatunga. Mwambie mwenye gereji kwamba umekubali, na ahakikishe amekuandika kwenye kitabu chake kabla hujatoka pale. Ukisharudi nyumbani, nikasirikie. Sitakuomba usinikasirikie, wala sitakuomba uharakishe kunisamehe. Ninachokuomba ni kwamba gereji itangulie.

Nisalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Msalimie mama, na umwambie ile dawa aipake usiku na mchana. Msalimie wifi, umwambie alichokuwa akikuambia miezi yote hii kilikuwa kweli, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikuambia vinginevyo. Yeye mwache aisome barua hii yote.

Wako katika kila hali, hata kama hutanijibu,

Mdogo wako, wa milangoni