Chupa ya Mama na Kuku wa Kifaransa

Jumatatu, 8 Juni

Uji tena. Nasra kafunga mdomo tena. Vijiko viwili, kavitemea kwenye kanga yangu. Mdogo wake analia anataka kunyonya, uji umemwagika, ufagio siuoni. Usingizi sijui nimeupata lini mara ya mwisho.

Siku ya ishirini na saba tangu tumzike Mama. Siku ya ishirini na saba mtoto huyu hali. Chai ya rangi, kipande cha muhogo, basi. Ana miaka minne na mikono kama vijiti vya mishikaki.

Nimemuuliza anataka nini. Anataka kuku wa Bibi. Kuku wa Kifaransa.

Mama aliwapikia Wafaransa miaka kumi na moja, mpaka waliporudi kwao. Ndiko alikojifunza kuku yule wa mchuzi mweusi, akawa anatupikia na sisi. Jogoo mzee, karoti, vitunguu vidogo vizimavizima, siagi, moto mdogo toka asubuhi mpaka adhuhuri. Tukila na mkate wa boflo. Sikusimama hata siku moja nikaangalia anatia nini. Nilikuwa mlaji tu.

Jumanne, 9 Juni

Nimempika. Kuku wa kisasa, kaiva upesi kama kiazi. Nyanya nyingi ili mchuzi ukoze rangi. Nasra kachovya kidole, kalamba, kasukuma sahani.

"Siyo huyu."

Hakulia. Afadhali angelia.

Jambo jingine naliandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, mtoto mgongoni, macho yanajifumba. Nikasikia kifuniko cha sufuria kinagongwa. Ko, ko, ko. Mara tatu. Hivyo hivyo alivyokuwa akigonga Mama chakula kikiiva. Nilifumbua macho, hakuna mtu. Nimesoma Ayatul Kursiyu nikaikosea katikati.

Alhamisi, 11 Juni

Nimefungua sanduku la vyombo la Mama. Nilikuwa naliogopa. Juu, sufuria nzito nyeusi aliyoachiwa na Wafaransa. Chini yake, kitu kimeviringishwa kwenye kanga kuukuu.

Chupa ya mvinyo. Ya kijani, shingo ndefu, karatasi ya maandishi ya Kizungu. Ndani imejaa nusu, kitu cheusi. Nikang'oa kizibo. Harufu ya kuchacha ikanipanda puani.

Mama mkubwa Tatu, dada yake Mama, alikuwa kasimama mlangoni na fungu la muhogo. Kaiona.

"Astaghfirullah. Kumbe ndiyo maana kuku wa Mwanahawa alikuwa mtamu vile!"

Kacheka kidogo, kisha kakunja uso. Kasema mwaga, mwanangu. Arobaini ile inakuja, watu watakaa humu wamsomee, na hiki kimo ndani?

Nimemwaga. Yote, chini ya mpapai. Mchanga ukainywa, likabaki doa jeusi. Chupa nikaitupa pale pale.

Nina hasira naye. Mama aliyekuwa akinifinya nikisahau bismillahi. Miaka yote ile alikuwa akitulisha nini? Na mwanangu je?

Ijumaa, 12 Juni

Kliniki. Mdogo yuko sawa. Nasra kashuka uzito. Nesi kanitazama kama mimi ndiye ninayemficha chakula. Akishuka tena Ijumaa ijayo, analazwa.

Baba yake kapiga simu kutoka Chalinze, yuko kwenye gereji ya malori mpaka mwisho wa mwezi. Kasema mlazimishe ale. Nikamwambia njoo umlazimishe wewe. Kisha kauliza kama na mimi ninakula. Nikakata simu. Ningelia.

Jioni maharage yako jikoni, nayakoroga huku nasinzia. Ko, ko, ko. Sikufunua. Nimechukua watoto nimetoka nje, maharage yakaungua. Nimesema kwa sauti, uani: Mama, kama umerudi kwa ajili ya chupa, nimeshaimwaga.

Jirani kachungulia juu ya ua. Aibu.

Nasra hakushangaa. Ndilo linaloniogopesha zaidi.

Jumapili, 14 Juni

Nimekwenda Dunda kwa Mzee Kosta, aliyekuwa mpishi mwenzake Mama kwa Wafaransa. Shikamoo, marahaba, pole ya msiba, chai. Tukazungumza mvua. Mwishowe nikauliza huku natazama miguu yangu. Je, Mama alikuwa akitutilia mvinyo?

Kacheka mpaka kakohoa.

"Mama yako huyu Mwanahawa? Sufuria ya wenyewe, yenye mvinyo, hakuionja hata tone! Anapika kwa pua. Ikiiva anagonga kifuniko mara tatu, nijue ananiita. 'Kosta, wewe Mkristo, njoo uonje chumvi.'"

Ndiyo maana ya kule kugonga. Alikuwa anaita mtu aje ale. Kazoea, kaileta tabia hiyo mpaka nyumbani.

Na chupa? Aliiomba kwa wenyewe ikiwa tupu. Kaiosha mara saba, ya kwanza kwa mchanga, kama chombo kilicholambwa na mbwa. Mzee Kosta kamwambia sabuni ipo, bibi. Kamnunia kutwa nzima. Karatasi hakuibandua, alisema ina maua mazuri. Ndani ilikuwa ukwaju uliochemshwa na zabibu kavu na sukari guru, ukachujwa. Huo ndio aliotupikia sisi, mahali pa mvinyo. Ukikaa sana unachacha.

Na ulikuwa umekaa. Mwenyewe yuko kaburini.

Nimerudi kwa miguu. Kitu cha mwisho alichotengeneza kwa mikono yake nimekimwaga kwenye mchanga, na nikamtukana moyoni siku tatu. Nisamehe. Sijui kama inafika huko.

Jumatatu, 15 Juni

Nimemweleza Mama mkubwa. Kaendelea kuchambua mchele ambao umeshachambuliwa. Kaondoka bila kuaga. Nikadhani kakasirika.

Saa kumi karudi na jogoo wake kwapani. Yule mwekundu anayempenda. "Ananipigia kelele kila alfajiri. Mchinjeni."

Jirani kamchinja. Nimechemsha ukwaju, zabibu, sukari guru. Mara ya kwanza mkali mno. Mara ya pili sawa, nadhani. Nimemlowesha jogoo humo.

Jumanne, 16 Juni

Sufuria nyeusi. Siagi, jogoo kabadilika rangi, vitunguu vizima, karoti, kijiko cha unga wa ngano, kisha ukwaju wote. Moto mdogo. Nimeanza saa mbili, na saa sita nyama ilikuwa bado inabishana na uma. Mdogo mgongoni, mwiko mkononi. Nimeegemea ukuta.

Harufu ikaja. Ile ile.

Ko, ko, ko.

Nimeganda. Nasra kaja mbio na bakuli lake la plastiki, kakaa kwenye mkeka, kakunja miguu. Nikamuuliza polepole, umesikia? Nani kagonga?

Kanitazama kama mjinga.

"Si ni wewe, Mama. Kila siku unagonga wewe, halafu hutupakulii kuku wa Bibi."

Nikatazama mkono wangu. Mwiko ulikuwa bado juu ya kifuniko.

Kala mchuzi kwa boflo. Kisha nyama. Kisha kadai shingo, nikampa, kainyonya mpaka ikawa nyeupe. Kasema karoti za Bibi zilikuwa ndogo zaidi. Nimemwambia kula hivyo hivyo, mimi siyo Bibi.

Kala.

Ijumaa, 19 Juni

Kliniki. Hakushuka. Kapanda kidogo. Nesi kaandika, katurudisha nyumbani.

Mvua ya asubuhi imeondoa lile doa chini ya mpapai. Chupa ilikuwa pale pale nilipoitupa, nimeiokota. Nimechemsha ukwaju mwingine, unataka mahali pa kukaa. Jumapili ndiyo arobaini, watu watakula pilau, na Mama mkubwa kashasema sahani moja iwe ya kuku yule. Mzee Kosta naye aitwe.

Najua hakukuwa na kitu kibaya ndani yake. Hata hivyo tumekaa uani, mimi na Nasra, tumeiosha. Ya kwanza kwa mchanga. Nasra akihesabu, akaruka tano, nikamrudisha.

Mara saba.