Mluzi Katika Redio ya Gari la Baba

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe, wifi yangu na watoto hamjambo, na kile kifua chako kimetulia. Sisi wazima, ila mimi nimechoka. Mgongo unauma, vidole vimechubuka, na sababu ni ile redio uliyoifunga kwenye gari la Baba wiki moja kabla hujaondoka.

Unaukumbuka ule mluzi? Injini ikiwashwa unaanza, ukikanyaga mafuta unapanda kama birika likichemka. Miaka tisa tumesafiri nao. Kila nilipotaka kuita fundi, Baba alikuwa na jibu moja tu, kwamba aliyeifunga atakuja kuitengeneza mwenyewe. Nami nikaliacha jambo hilo, maana Baba akishasema amesema.

Sasa mambo yamebadilika. Mwezi wa tatu daktari alimpa Baba kifaa cha masikio. Watu anawasikia vizuri, lakini na mluzi anausikia maradufu, unamchoma kichwani. Kuzima redio hataki, anasema hukuifunga iwe pambo. Teksi ndiyo usiseme, hajafikia kubebwa na watu wakati gari lake lipo uani. Hivyo kliniki amekosa mara mbili, na presha yake si ya kuchezea. Nilimbembeleza mpaka maneno yakaniishia.

Basi nikamwita fundi umeme wa pale kona, yule tunayemwita Miwani. Alibadilisha nyaya za plagi, mluzi ukabaki. Akachomoa eriali, ukabaki vilevile. Akaweka na kichujio cha kelele kwenye waya unaoleta umeme, wapi. Mwishowe akasema gari limezeeka, tutafute redio nyingine. Nilimshukuru, nikamfungulia geti.

Jana Baba alipolala baada ya chakula cha mchana, nikachukua bisibisi na tochi, nikajikunja chini ya dashibodi, na umri wangu huu. Shemeji yako alikuja kunichungulia, akacheka, akaenda zake. Injini ikizimwa redio ilikuwa safi kabisa, kwa hiyo nilijua kelele inatoka kwenye altaneta, ile mashine ya injini inayozalisha umeme, na kuingia kwa njia ya nyaya. Nikazifuata moja moja kwa vidole.

Mdogo wangu, kosa ni lako. Wewe na unadhifu wako. Waya wa umeme na nyaya za spika ulizilaza pamoja, kelele ikapata njia ya kuvukia, ukazifunga kwa uzi wa cherehani wa marehemu Mama, fundo kila baada ya kidole kimoja. Na ule waya mweusi wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari uliukaza juu ya rangi, rangi mpya uliyoipaka mwenyewe, ukaona huruma kuikwaruza. Umeme utapitaje kwenye rangi?

Nilikaa na mkasi mkononi muda mrefu. Niliona nikikata mafundo yale ni kama nakufukuza. Nililia kidogo, sitakuficha. Kisha nikakata, nikatenganisha nyaya, nikasugua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikakaza skrubu.

Nilipoinua kichwa, Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari. Sijui alikuwa ananitazama tangu lini. Vipande vya uzi vilikuwa mapajani mwangu, nikangoja kufokewa. Akaingia, akakaa, akaniambia niwashe. Nikawasha, nikakanyaga mafuta. Taarifa ya habari ikatoka bila mluzi, naye akaisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho kutwa nipeleke kliniki," akasema. "Na mwandikie mdogo wako. Mwambie redio imeshapona, asijisumbue na bisibisi. Aje yeye."

Miaka tisa, mdogo wangu, na mimi nikidhani anangoja redio itengenezwe.

Nisalimie wifi yangu sana, na watoto waambie shangazi yao anawauliza kila siku. Shemeji yako anakusalimu, na Miwani pia, ingawa amenuna. Mungu akulinde huko uliko, akufupishie na njia ya kurudi.

Akupendaye, na grisi bado kwenye kucha,

Dada yako.

Humu ndani kuna kipande kimoja cha uzi. Baba ndiye aliyekitia. Vingine amebaki navyo.