Samaki Aliyegawiwa kama Mbuzi

Dada Yustina,

Kabla hata sijakusalimia, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama Neema ninayeishi kwake. Nimemwona baba. Yuko hai, yuko hapa hapa Mombasa.

Sasa, habari za nyumbani Kilema? Mgongo wa mama unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Mimi sijambo. Cherehani nimeizoea, ingawa joto la huku linanimaliza na wateja bado nawaonea aibu.

Jumamosi tulimaliza kushona sare za harusi, Mama Neema akasema leo hatupiki. Alitupeleka mimi na Mwanaisha, fundi mwenzangu, kwenye hoteli ya samaki Mji wa Kale, karibu na bandari ya zamani. Ni nyumba ya kuta nene na mlango wa kuchonga, watu wanakula kwa mkono kwenye sinia moja. Tuliletewa samaki changu mzima wa kupaka nazi, macho yake yananitazama.

"Kula, wewe wa mlimani!" Mwanaisha akanicheka. "Au wangoja ndizi?"

Nilimwambia bibi yetu anaamini samaki ni ndugu wa nyoka. Alicheka mpaka akapaliwa.

Mzee aliyeleta sinia hakuondoka. Aliuliza nani mkubwa, akashika kisu, akaanza kumgawa samaki. Mama Neema akapewa kifuani, Mwanaisha mgongoni, mimi mdogo upande wa mkia. Kisha akakata kipande kingine, akakiweka pembeni.

"Hicho cha nani?" Mwanaisha akauliza. "Mzee, mbona tuko watatu tu?"

"Cha aliye njiani," akajibu. Halafu akashtuka, akaenda zake haraka.

Dada, nani anagawa samaki hivyo? Ndivyo baba alivyokuwa akigawa mbuzi wa Krismasi, kabla hajaondoka na lori la maharage kupitia mpaka wa Tarakea, mimi nikiwa darasa la kwanza. Na nilikuwa nimeuona mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho hakina ncha, tangu siku ile alipojikata akikata majani ya ng'ombe.

Nilimfuata kwenye bomba la kunawia. Nikamwambia kwa Kichagga kwamba natoka Kilema. Alinitazama sana.

"Yustina?" akasema.

Nisamehe, dada. Nilijibu, "Ndiyo, baba. Shikamoo."

Nilingoja aulize habari za mdogo wako. Alimuulizia mama, akaulizia shamba letu la kihamba na kahawa, basi. Jina langu halikumjia. Niliogopa kulitaja, nisije nikaulizwa Felista ni nani.

"Mama anakungoja," nikamwambia. "Baba mdogo anataka isomwe misa ya marehemu, mama anakataa. Anasema utarudi."

Alijifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena. "Nina mke hapa, na watoto wawili. Wananijua kwa jina jingine. Isomwe."

"Lakini uko hai, baba."

"Isomwe, Yustina. Na usirudi tena hapa."

Mwanaisha aliniita kwamba chakula kinapoa. Nilirudi nikala, maana Mama Neema alikuwa ananiangalia. Ukiniuliza ladha ya samaki yule, siijui.

Siku nne sasa nalifikiria. Nikimwambia mama, kesho yake atapanda basi na mgongo ule ule, afike mlangoni aambiwe amemfananisha mtu. Mimi nimeyaona macho ya baba, dada. Angemwambia hivyo.

Msalimie bibi, na baba mdogo, na mama mdogo wa Mabogini akileta mchele. Mwambie mama nakula vizuri.

Akikuuliza kuhusu ile misa, mwambie akubali. Najua ni vibaya kumwombea kama marehemu mtu anayetembea, na kosa hilo ni langu, wewe hukumwona. Nitaomba ruhusa nije, nitakaa naye benchi moja kanisani. Watakapolitaja jina la baba, mama atalia, na mimi nitalia kweli, hakuna atakayeuliza kwa nini. Barua hii ichome jikoni ukishaisoma. Usimwambie mtu, dada, hata mumeo, hata padri.

Mdogo wako,
Felista